Je, wajua? Norway huuza mafuta, lakini yenyewe hutembelea umeme

Mwaka 2024, katika kila magari mapya 10 yaliyouzwa Norway, karibu 9 yalikuwa ya umeme mtupu. Ni nchi hiyohiyo inayowauzia majirani zake wa Ulaya mafuta na gesi kwa wingi. Kinyozi hajinyoi? Ndiyo, na ana sababu zake.

Kwanza, maji. Norway ni nchi ya milima na mvua, na takriban asilimia 90 ya umeme wake hutokana na nguvu ya maji. Ilikuwa hivyo hata kabla mafuta ya Ekofisk hayajagunduliwa chini ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1969. Kwa hiyo mafuta yalikuja yakiwa mali ya kuuza nje. Taa za nyumbani zilikuwa zinawaka tayari.

Maji peke yake, hata hivyo, hayamfanyi mtu abadili gari. Kodi ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Gari la petroli Norway hutozwa kodi nzito ya usajili, kisha VAT ya asilimia 25. La umeme lilianza kusamehewa kodi ya kuliingiza nchini mwaka 1990, na VAT mwaka 2001. Hivyo gari lililotoka kiwandani kwa bei ya juu likafika kwa mnunuzi likilingana na la petroli, au likiwa nafuu zaidi.

Kuna na kichekesho. Mwaka 1989, Morten Harket, mwimbaji wa kundi la a-ha, na wanaharakati wa mazingira waliingiza Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita vizuizi vya barabarani bila kulipa tozo. Faini zikarundikana, gari likakamatwa na kupigwa mnada. Tozo hizo zilikuja kufutwa kwa magari ya umeme mwaka 1997.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Norway haina kiwanda kikubwa cha magari cha kukilinda, hivyo kulitoza gari la petroli hakukumkosesha kazi fundi wake. Ujerumani haina raha hiyo. Huko ruzuku ya kununua gari la umeme ilikatwa ghafla Desemba 2023, na mwaka uliofuata mauzo ya magari ya umeme yakashuka kwa zaidi ya robo.

Ethiopia nayo ina umeme wa maji kama Norway, ila haina mafuta ya kuuza. Huyanunua kwa dola, nazo ni adimu. Haikubembeleza mtu kwa misamaha pekee: Januari 2024 serikali ilitangaza kuwa magari ya petroli na dizeli hayaruhusiwi tena kuingizwa nchini. Mwenye gari la umeme Addis Ababa huchaji nyumbani usiku. Akitaka kwenda mkoani, ndipo anapoanza kuhesabu kilomita.