Soko la Pamoja la Afrika Mashariki na haki za mlaji: dhana zinazosikika Tanga, na ukweli wake

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Tanga ni miongoni mwa miji inayoishi nayo kwa karibu, kwani kutoka mjini hadi Horohoro, mkabala na Lunga Lunga ya Kenya, ni mwendo wa kilomita zipatazo 65 tu. Pamoja na bidhaa, zimevuka pia dhana ambazo zinawagharimu watu fedha na wakati mwingine afya.

Iliyoenea kuliko zote katika maduka ya Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, ni kwamba bidhaa ikishapita Horohoro imekwisha kukaguliwa, kwa hiyo ni salama. Ukweli ni mwembamba zaidi ya hapo. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora inazitaka nchi wanachama kupokea bila kuipima upya bidhaa yenye alama ya ubora iliyotolewa na shirika la viwango la nchi mwenzake. Bidhaa isiyo na alama hiyo haipati upendeleo huo. Wengi hukichukulia cheti kilichorahisishwa cha uasili wa bidhaa, ambacho mfanyabiashara mdogo hupewa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kuwa ni kibali cha ubora, ilhali kazi yake ni moja tu: kuthibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya ili isitozwe ushuru wa forodha. Mafuta ya kupikia yanaweza kuwa na cheti hicho na bado yakawa mabovu. Yale yaliyopita njia za panya, au yaliyoshushwa usiku katika bandari bubu za pwani yetu, hayakuonwa na mkaguzi wa upande wowote, na kwa kuwa bei yake huwa chini kidogo, huishia katika vyungu vya wale wenye kipato kidogo, ambao ndio hasa wanaohitaji kulindwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba maandishi yanayobandikwa ukutani au kuchapwa kwenye risiti, "Mali ikishauzwa hairudishwi", yana nguvu ya sheria. Hayana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaweka katika mauzo kwa mlaji masharti ambayo muuzaji hawezi kuyafuta kwa tangazo lake: bidhaa ilingane na maelezo yaliyotolewa na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Aliyeuziwa pasi isiyopata moto ana haki ya kuirudisha, na akikataliwa, Tume ya Ushindani ndiyo mahali pa kupeleka lalamiko. Kwa chakula na vipodozi, wengine bado huitafuta ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ingawa tangu 2019 kazi hiyo iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania.

Husemwa vilevile kwamba aliyedhulumiwa na muuzaji wa Mombasa atakwenda kushtaki Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki. Mkazi wa nchi mwanachama anaweza kweli kufungua shauri huko, ndani ya miezi miwili, lakini ni shauri la kupinga uhalali wa kitendo cha nchi mwanachama au cha chombo cha Jumuiya. Mgogoro wa mnunuzi na muuzaji hubaki chini ya sheria za nchi zao. Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya nayo hushughulikia mienendo ya kibiashara yenye athari zinazovuka mipaka. Haikuundwa kufuatilia friji moja iliyokufa baada ya wiki.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile inayosema kwamba kumlinda mlaji ni kufunga mpaka. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu unaoota kwenye nafaka, malori yakakwama kwenye mpaka wa Namanga, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Hofu ya sumukuvu ilikuwa ya haki, kwani mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Hata hivyo, Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilikuwa limesimamisha chapa tano za unga zilizokuwa zikiuzwa nchini humo, kwa sababu hiyohiyo. Ukungu huo huota kwenye mahindi yaliyovunwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya, yawe ya Kibaigwa, Tanzania, au ya Kitale, Kenya, na hautambui bendera. Mlaji hulindwa na turubai la kuanikia, ghala kavu na kipimo kinachofanyika kabla mzigo haujapakiwa. Lango likifungwa kwa ghafla, sehemu ya mzigo huhamia kwenye njia zisizo na mkaguzi.

Upungufu halisi wa soko letu uko kwingine. Umoja wa Ulaya una mtandao wa vituo vya walaji uliotimiza miaka 20 mwaka 2025: Mreno aliyenunua bidhaa Ujerumani hupeleka lalamiko lake kwenye kituo cha Ureno, kwa lugha yake na bila malipo, na kituo hicho huwasiliana na mwenzake wa Ujerumani. Mnunuzi wa Tanga na ofisa wa Mombasa hawahitaji hata mkalimani. Kinachotakiwa ni makubaliano kati ya taasisi za ushindani za nchi hizi kwamba lalamiko lililopokelewa Tanga litafuatiliwa Mombasa, na kwamba risiti ya upande mmoja itakubalika kuwa ushahidi upande wa pili.