Je, wajua kwa nini hita ya bafuni haidumu Lamu?

Nyumba ya mawe inakarabatiwa Mkomani, mtaa wa mjini Lamu. Birika la zamani la kuhifadhia maji ya kuoga linaachwa pale lilipo, vigae vipya vinapigwa, na fundi anafunga shawa ya umeme ile ile inayouzwa Nairobi. Baada ya miezi michache maji yanatoka baridi, au bomba linapiga shoti. Lawama humwangukia fundi, au stima inayokatikakatika. Mara nyingi mkosaji ni maji.

Maji matamu ya Lamu hutegemea matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hupenya mchangani na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, na yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda. Visima vingi vya majumbani vina chumvi tayari, na sabuni isipotoa povu ujue kuna chokaa pia. Malindi mwenye maji ya bomba yanayotoka Baricho, kwenye mto Sabaki, ana afadhali. Anayetumia kisima cha uani hali yake ni moja na ya Lamu.

Sasa tuifungue shawa. Ile ya bei nafuu ina koili tupu, waya ulioviringishwa na kuzamishwa majini bila kifuniko. Maji matamu hayapitishi umeme sana, kwa hiyo karibu stima yote hubaki kwenye waya. Maji ya chumvi hupitisha vizuri: sehemu ya stima hutoroka kupitia maji, na waya huliwa mpaka ukakatika. Chokaa nayo hugandia koili kama ukoko, joto likakosa pa kutokea, na koili ikaungua. Zipo shawa za maji ya chumvi, ambazo waya wake umefichwa ndani ya mrija wa chuma uliojazwa unga usiopitisha umeme. Bei yake iko juu, lakini kwa kisima cha Lamu hakuna shawa nyingine ya kujadili. Chokaa bado itagandia mrija huo, basi kichwa cha shawa kifunguliwe kila baada ya miezi mitatu hivi na kulowekwa kwenye siki.

Kabla ya kununua, piga hesabu ya joto. Watu wa pwani hununua hita kubwa kuliko haja yao. Maji ya tangi la juu ya dari huku huwa nyuzi 28 hivi, na ya kuoga yanatosha yakifika 40. Kupandisha nyuzi 12 kwa lita 4 kwa dakika kunahitaji kilowati 3.4 tu. Limuru, kwenye baridi ya bara, maji yakiwa nyuzi 16, kazi hiyo hiyo inataka kilowati 6.7. Kwa hiyo anayekushauri ununue ya kilowati 7.5 anakuuzia baridi ya bara.

Ukubwa huo una gharama ukutani. Kilowati 5.5 kwa volti 240 huvuta ampea 23, na 7.5 huvuta 31. Waya wa milimita 2.5 za mraba uliowekwa kwa ajili ya soketi utachemka. Vuta waya wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi la stima hadi bafuni bila kuunga njiani, kwa breka yake ya ampea 32 na swichi ya ampea 45 inayokata nyaya zote mbili, iliyowekwa nje ya bafu. Ongeza breka ya kuvuja ya miliampea 30, ile inayokata stima ikianza kuvuja. Hapa ndipo balaa hutokea: koili tupu kwenye maji ya chumvi huiangusha breka hiyo kila mara, na fundi mvivu huiruka ili mwenye nyumba anyamaze. Breka ilikuwa inasema kweli. Fimbo ya erthi nayo ifike kwenye udongo wenye unyevu, kwa maana mchanga mkavu haupokei umeme.

Bafu likitumiwa na watu wanne au zaidi, hita ya tangi ni bora. Lita 50 zikipashwa hadi nyuzi 60 na kuchanganywa na maji ya nyuzi 28 hutoa takriban lita 130 za nyuzi 40, yaani kuoga mara mbili hadi tatu kwa utulivu. Koili ya kilowati 1.5 huyapasha kwa saa moja na robo. Tangi la chuma lina fimbo ya magnesiamu ndani yake, inayoliwa badala ya tangi. Kwa maji ya chumvi ikaguliwe kila baada ya miezi sita, na ikibaki nusu ibadilishwe. Wengi hawajui kuwa ipo, mpaka tangi litoboke.

Njia tunayoipenda zaidi ni kuipa hita laini yake: tangi dogo la maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya hita peke yake, na kisima kibaki kwa choo na usafi. Weka valvu isiyorudisha maji kwenye mabomba yote mawili kabla ya kichanganyio, la sivyo laini yenye nguvu itasukuma chumvi kwenye hita usiku kucha. Mabomba yawe ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto. Ya chuma huoza ndani ya ukuta wa chokaa.

Hita ya sola huokoa stima, ila dari ya Lamu inataka adabu. Imebebwa na boriti za mikoko, na tangi la lita 150 lina kilo 150 za maji kabla ya uzito wake lenyewe, kwa hiyo fremu ikalie kuta mbili za mawe, isikalie katikati ya boriti. Tangi liwe juu ya paneli ili maji ya moto yapande yenyewe, na paneli iinamishwe angalau nyuzi 10. Tumia fremu ya alumini, kwani upepo wa bahari hula mabati. Mji wa Kale ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, basi kabla ya kupandisha chochote kinachoonekana juu ya dari, pitia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini.