Waifai Yako, Muvi ya Jirani: Nani Anabeba Msala?

Kuna maneno watu wanarusha tu kuhusu kampuni zinazotuuzia intaneti na hizi muvi za kudanlodi bure. Nimeona nijibu yale yanayonikera zaidi.

"Kampuni ikipewa barua ya malalamiko na wenye muvi ikakausha, tayari nayo ni mwizi."

Si lazima, na hii ilishapigwa kesi ndefu Australia. Kampuni 34 za filamu na televisheni, za Hollywood zikiwemo, ziliishtaki iiNet, provaida (yaani muuza intaneti) wa kule Perth, baada ya wapelelezi kukaa wiki 59 wakiwachungulia wateja wake wanavyorushiana muvi kwa BitTorrent, ule mfumo wa watu kugawiana mafaili kompyuta kwa kompyuta. Barua zinamiminika, zimejaa anwani za IP (namba zinazotambulisha laini ya intaneti) na tarehe na saa, ila hazielezi hizo taarifa zilikusanywaje. iiNet ikasema hizi ni tuhuma tu, wapelekeeni polisi. Tarehe 20 Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Australia ikaipa ushindi, majaji wote 5, na sababu yao ndo utamu wenyewe: iiNet haikuwa na hizo muvi kwenye mitambo yake, BitTorrent haikuwa yake wala haikuiongoza, kitu cha maana ilichoweza kufanya ni kumkatia mteja laini, na mteja akikatiwa si anahamia kampuni nyingine anaendelea kama kawa? Sasa hapo umezuia nini. Tena ukimkatia mtu kwa barua isiyo na maelezo, yeye naye anaweza kukuburuza mahakamani.

"IP ikionekana, mtu kapatikana."

IP inaonyesha akaunti, haionyeshi kidole cha nani kilibonyeza. Ufaransa, mwaka 2012, fundi mmoja alipigwa faini ya yuro 150 wakati mkewe alishakiri ni yeye aliyedanlodi nyimbo mbili, kosa la mume ni kwamba laini ina jina lake na hakuilinda (na ndoa yenyewe ilikuwa inavunjika, fikiria). Kwa hiyo ukiwagawia password nyumba nzima ya wapangaji, jua jina linaloandikwa ni la nani. Kwenye data za simu ndo kabisa, watu kibao wanaweza kutoka na IP moja kwa wakati mmoja.

"Basi provaida hagusiki!"

Taratibu. Marekani sheria ya 1998 inamkinga provaida akiwa na utaratibu wa kweli wa kuwakatia laini wateja wanaorudia rudia kuiba. Cox, provaida wa huko, walidaiwa kuufanya utaratibu huo kama geresha, na Desemba 2019 jopo la raia waamuzi wa kesi (jury) huko Virginia likawabandika fidia ya dola bilioni 1 kwa kazi 10,017 za muziki. Bilioni! Watu wengi waliishia kusoma hapo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikaifuta hiyo hesabu, na ikasema Cox hawakufaidi wizi wenyewe maana mteja analipa ada ileile ya mwezi awe anaiba au anasoma tu barua pepe. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Mimi hiyo hoja ya ada naiona ina akili sana, maana huku mtaani utasikia eti wanatuachia tuibe ili bando liishe haraka.

"Maprovaida wakifunga saiti ujue wamekubali kosa."

Wala. Australia, baada ya iiNet kushinda, Bunge lilipitisha sheria 2015, mwenye haki anaenda kwa jaji kuomba saiti ya nje ifungwe na provaida anatekeleza tu amri bila kuitwa mkosaji. Kenya nao walirekebisha sheria ya hakimiliki 2019 wakaweka utaratibu wa notisi za kuondoa kazi zilizoibwa, pamoja na kinga kwa provaida anayefuata masharti. Kwa hiyo saiti yako pendwa ikigoma kufunguka usikimbilie kumtukana dada wa huduma kwa wateja, hajui hata ulikuwa unatazama nini.