Mdomo umepinda ghafla, kwenu mnakimbilia wapi kwanza?

Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2008, ulilinganisha watu wa Dar es Salaam na watu wa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, wanakielewaje kiharusi. Wengi tungebashiri kwamba watu wa mjini watataja presha na wa kijijini watataja mashetani. Ikawa kinyume chake kabisa. Dar ndiko maelezo ya majini na kurogwa yalikotawala, Hai watu wakataja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Kwahiyo tuache ile tabia ya kusema hizi ni imani za watu wasiosoma, haya mambo mtu anayapata kwa waliomkuza na kwa yale aliyoyaona yakitokea mtaani kwake.

Mimi nafanya elimu ya afya upande wa presha na sukari na hili nakutana nalo kila wiki. Tazama inavyokwenda. Mzee kalala mzima, usiku anaamka aende chooni mguu haubebi, mkono umelegea, mdomo umekwenda upande na akiongea haeleweki. Jana alikuwa barazani anacheza bao. Sasa kama umekuzwa ukijua ugonjwa unaanza na homa, alafu mwili unachoka, alafu ndio mtu analala kitandani, basi kitu kilichomwangusha mtu kwa usiku mmoja utakiitaje? Utasema kapigwa. Hapo hapo mmoja anakumbuka mzee alipita njia panda magharibi, mwingine anakumbuka ule ugomvi wa kiwanja, na kila mtu anaona sababu imepatikana.

Anaitwa mganga, anafukizwa, anachanjwa chale, anasomewa. Katikati ya hapo ndugu kwa huruma yao wanamnywesha uji akiwa amelala chali, na hawajui kwamba kiharusi kinaweza kuharibu koo lisimeze sawasawa, uji unaingia kwenye mapafu. Siku ya tatu au ya nne hali imekuwa mbaya ndio inatafutwa bajaji kwenda hospitali, anafika na nimonia juu ya kiharusi, anafariki wodini. Msibani inasemwa tulimpeleka hospitali ndio akafa. Jirani amesikia, na yeye zamu yake ikifika atakumbuka.

Hapo ndio pana uzito kwangu. Watu hawang'ang'anii hizi imani kwa ubishi, wana ushahidi wao, wameona kwa macho yao mtu kaingia hospitali katoka maiti. Hawajaonyeshwa tu kwamba alifika amechelewa. Haikuanza na kiharusi, wakubwa wanaikumbuka degedege. Bagamoyo miaka ya 90 watafiti walikuta wazazi wengi wanaamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, kwahiyo anaanza kwa mganga, na malaria kali inapanda kichwani wakati huo huo. Mtoto akifikishwa mwishoni kabisa, anachomwa sindano, anafariki. Nani atakubali kuambiwa sindano haikuua?

Sasa turudi nyuma kabla mtu hajaanguka, maana kiharusi kingi kina presha nyuma yake na presha mara nyingi haiumi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilikadiria watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 wana presha ya juu, na karibu asilimia 46 kati yao hawajui. Kwetu mzima ni nani? Ni yule anayekula akashiba, analala na anakwenda kibaruani. Kuna baba mmoja alimsindikiza mkewe kliniki nikamwomba na yeye akae tumpime. Mashine ikasoma 190 kwa 112, wakati 140 kwa 90 tu tayari ni presha ya juu. Akaniambia "dokta hiyo mashine imeharibika, mimi alfajiri nimeshusha viroba vya unga gari nzima". Nikabadilisha mashine, nikapima mkono wa pili, ile ile. Kumwambia umekosea ingekuwa bure, kwa kipimo alicholelewa nacho yeye ni mzima kweli. Nilimuuliza tu, mzee wangu kwenu kuna aliyepooza? Akataja baba yake, akataja shangazi, akasema wale walitupiwa mambo. Nikamuuliza waliwahi kupimwa presha? Akanyamaza kidogo akasema hapana. Siku ile aliondoka na kadi na dawa, na sikumlazimisha akane habari ya kutupiwa mambo.

Na mwili mnene nao ni hivyo hivyo. Mtu akirudi kutoka safari amenenepa anaambiwa umependeza, ndoa imekukubali, akikonda anaulizwa kwa sauti ya chini anaumwa nini. Kunenepa kupendwa ni jambo la zamani, ila UKIMWI ulipoingia, wagonjwa wa kwanza nchini wakatangazwa Kagera mwaka 1983, kukonda kukawa kama tangazo la kifo. Nina akina mama kwenye kliniki ya sukari wanaoogopa kupungua kilo tano kuliko wanavyoiogopa sukari yenyewe, wanasema majirani watanionaje. Mimi hilo silichukulii kama utani, ni hofu ya watu waliozika ndugu zao. Huwa tunakubaliana ndugu wa nyumbani wajue mapema kwamba anapungua kwa kupanga, ili maneno yakianza awe na wa kumsemea.

Na vifo vya kiharusi kwetu sio vya kusimuliwa. Utafiti uliofuatilia vifo miaka ya 90 Dar, Hai na Morogoro vijijini ulionyesha kwamba kwa watu wa umri wa chini ya miaka 65, viwango vya vifo vya kiharusi kote kutatu vilikuwa juu kuliko Uingereza na Wales, na Dar ndio iliongoza. Hawa ni watu wenye nguvu zao, wenye watoto shuleni.

Kwahiyo ninachoomba ni mpangilio wa nani aende wapi kwanza. Mtu akibadilika ghafla mwambie atabasamu uone mdomo kama unakwenda upande, anyanyue mikono yote miwili uone kama mmoja unashuka, aseme sentensi nzima uone kama inaeleweka. Moja tu likiharibika mwondoeni hapo hapo mumpeleke hospitali, na mkumbuke saa ya mwisho mliyomwona mzima mkamwambie daktari. Ubongo unaokosa damu kwenye kiharusi kikubwa unakadiriwa kupoteza seli karibu milioni 1.9 kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kule inakopatikana, ina muda wake wa kama masaa manne na nusu, na haitolewi kabla ya kupiga picha ya kichwa kwasababu kiharusi kingine ni mshipa umepasuka na dawa hiyo ingemmaliza. Msimpe kitu kinywani, sio maji, sio asali, sio kitunguu saumu, na wala msimpe vidonge vya presha vya jirani, presha ikishushwa haraka haraka nyumbani ubongo unakosa damu zaidi.

Na wenzangu wa zahanati, mgonjwa akifika na chale mbichi usimfokee ndugu yake, umuulize mnadhani ni nini na mmeshafanya nini, atakwambia ukweli na utajua amekunywa nini. Ukimfokea, mgonjwa mwingine atafichwa ndani. Dua na maombi havizuii matibabu, na kama ndugu wanataka shehe au mchungaji aje wodini, waongee na nesi muda upangwe, asome mpaka amalize. Ila kama ameleta kombe au maji ya baraka ya kunywa yawekwe pembeni kwanza, mpaka nesi apime kama mgonjwa anameza sawasawa.