Tundu la hewa ukutani: kazi yake, na kwa nini lisizibwe

Ukiingia katika nyumba za zamani za Dodoma, hasa za Uhindini, inua macho juu ya dirisha la chumba cha kulala. Chini kidogo ya dari utaona vitundu vilivyopangwa kwa safu, au tofali zima lenye matobo. Hayo ndiyo matundu ya hewa. Siku hizi mengi yamejazwa magazeti na vitambaa, mengine yamepigwa plasta kabisa, na anayelala humo hajui kilichoondolewa.

Watu hulichukulia tundu la hewa kama dirisha dogo. Dirisha mtu hulifungua na kulifunga. Tundu halifungwi, maana limewekwa kwa ajili ya zile saa ambazo umeshafunga kila kitu na umelala. Liko juu kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi: joto la miili na pumzi hupanda hadi karibu na dari, likipata upenyo linatoka, na hewa safi inaingia kushika nafasi yake kupitia chini ya mlango au tundu la ukuta wa pili. Ndiyo maana tundu moja peke yake halifanyi kazi kubwa. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea.

Chumba kikizibwa, kinachobaki ndani ni pumzi zenu. Watu wawili wakilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho maji yanayokaribia nusu lita, nayo huishia kwenye kuta, godoro na nguo. Hewa chafu ya pumzi, yaani kaboni dayoksaidi, nje ni kama sehemu 420 katika milioni. Katika chumba kidogo kilichofungwa huweza kupita 2,000 kabla ya alfajiri. Hapo ndipo mtu anaamka na kichwa kizito. Na kama mmoja anaumwa kifua kikuu, vijidudu vyake hukaa muda mrefu zaidi katika hewa isiyotembea.

Sababu za kuziba nazielewa. Dodoma ni juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Julai usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 13. Kiangazi upepo wa mashariki unavuma na vumbi lake jekundu. Nilipopanga nyumba ya zamani, mama mwenye nyumba aliniambia, "Mwanangu, hayo matundu tuliyaziba, yanaleta vumbi tu." Mvua zilipoanza Desemba, ukuta wa nyuma ya kabati ukaota ukungu mweusi, na mtoto akawa anakohoa kila usiku. Tulitoa magazeti, tukalisogeza kabati likaachana na ukuta kiganja kimoja. Ukuta ulikauka ndani ya wiki chache.

Vumbi na mbu vina dawa yake. Funga wavu wa mbu kwenye fremu ya mbao inayochomoleka, uubane kwa ndani. Wavu ulioshiba vumbi hauachii hewa, kwa hiyo kiangazi uoshe kila baada ya wiki mbili au tatu. Upande wa mashariki weka kibao chenye bawaba, ukishushe upepo unapochafuka na ukiinue ukitulia. Baridi ni ya blanketi. Na ukikuta kinyesi cha popo au kiota ndani ya tundu, usikifagie kikavu: vaa barakoa, nyunyiza maji kwanza.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Jiko la mkaa lisilale chumbani, hata matundu yakiwa wazi yote. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na vitundu vile havitoshi kuiondoa. Watu hufa usingizini.

Kabla hujamwita fundi, hakikisha kama tundu lako bado linapumua. Washa udi, uushike karibu nalo, utazame moshi. Ukivutwa au ukisukumwa, hewa inapita. Ukipanda wima tu bila kuyumba, rudia mchana mwingine wenye upepo. Ukiwa vilevile, tafuta kizuizi. Mara nyingi utakikuta mahali ambapo hukutazamia. Nyumba iliongezwa chumba kwa nyuma, na tundu sasa linatokea stoo. Au dari mpya ya jipsamu iliwekwa chini zaidi ya dari ya zamani, tundu likabaki juu yake, linapitisha hewa ya darini huku chumba kimezibwa. Kwa nje ukutani linaonekana zima kabisa. Hapo fundi atoboe jipya chini ya jipsamu, upande wa pili wa chumba naye atoboe la kuingizia, kisha mwashe udi tena.