Herufi G kwenye lenzi ina maana gani ukiivalisha kamera ya mkanda

Mjomba aliniachia Nikon FM2, kamera ya mkanda wa filamu, bodi tupu bila lenzi. Nikaivalisha lenzi ya 50mm f/1.8G niliyokuwa natumia kwenye kamera ya dijitali. Ikaingia, ikalia "tik", na nikichungulia kwenye kidirisha naona kweupe kabisa. Nusu ya mkanda nikaimalizia Coco Beach saa saba mchana, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/500 ya sekunde, kama mjomba alivyozoea kwa filamu ya 400, yaani ISO 400, kipimo cha wepesi wa filamu kudaka mwanga. Nusu nyingine nikapiga ukumbini, kwenye sendofu ya binamu, shata 1/60. Mkanda uliposafishwa, picha za ufukweni zilikuwa safi. Za sendofu zilikuwa giza tupu, binamu haonekani hata meno.

Yote ni kwa sababu ya hiyo G.

Lenzi ya G ni lenzi ya Nikon isiyo na ringi ya apecha, yaani ile pete ya kuzungusha yenye namba 2.8, 4, 5.6 na kuendelea. Apecha ni mwanya wa kupitisha mwanga; namba ikiwa kubwa, mwanya ni mdogo. Ndani ya lenzi za Nikon za aina hii kuna springi ambayo muda wote inataka kuufunga mwanya wa mwanga hadi mwisho. Bodi ina kikono kinachoushikilia wazi ili wewe uone vizuri. Ukibonyeza, kikono kinaachia na mwanya unajifunga. Kwenye lenzi za zamani, ringi ndiyo inayouambia uishie wapi. Kwenye G kazi hiyo wamepewa bodi mpya, ambazo hukisimamisha kikono njiani. FM2 ni ya 1982 na haijui habari hizo. Inaachia tu, mwanya unakwenda hadi f/16, na mita ya mwanga nayo haina wa kuiambia kitu.

Kutoka f/1.8 hadi f/16 mwanga unapungua karibu mara 80. Jua la Dar la saa saba, kwa filamu ya 400, linataka hasa f/16 na 1/500, kwa hiyo pale ufukweni nilibahatisha tu. Kidirisha kilinidanganya kwa sababu mwanya hufunga sekunde ileile ya kupiga.

Ukiwa na bodi ya mkanda ya mwisho mwisho, kama F5 ya 1996 au F100 ya 1999, G inafanya kazi bila shida. Ila angalia herufi E: lenzi hiyo apecha yake inaendeshwa kwa umeme, na hata F100 itaiacha wazi muda wote. Lenzi ya Nikon yenye herufi DX inaingia, lakini imetengenezewa sensa ya milimita 24 kwa 16 wakati fremu ya filamu ni 36 kwa 24, hivyo pembe zinaweza kutoka nyeusi.

Wenye Canon EOS za mkanda wana raha. Lenzi za EF zilianza na apecha ya umeme tangu 1987, kwa hiyo EF ya juzi inaelewana na bodi ya siku ya kwanza. EF-S, za Canon za dijitali zenye sensa ndogo, hapana. Lenzi za kamera zisizo na kioo, RF za Canon na Z za Nikon, usihangaike nazo: zinatakiwa kukaa milimita 20 na 16 tu kutoka kwenye sensa, na kwenye EOS au FM2 nafasi hiyo ina kioo.

Mimi nilitafuta 50mm f/1.8D. Ina ringi.