Je, wajua kwa nini watafiti humdunga panya rangi ya buluu?

Fundi baiskeli akitafuta pancha hategemei macho tu. Huijaza tyubu upepo, akaitumbukiza kwenye karai la maji, akangoja mapovu. Mtafiti anayetaka kujua kama mishipa ya damu inavuja ana kazi kama hiyo, ila yeye badala ya maji hutumia rangi.

Inayojulikana zaidi ni Evans blue. Ikidungwa kwenye mshipa wa mkia wa panya, hushikamana na albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika utegili, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Hapo ndipo penye siri. Albumini ni kubwa, na katika viungo vingi ukuta wa mshipa ulio mzima huizuia isitoke ovyo. Seli za ukuta zikiachana, albumini hupenya, na rangi huenda nayo. Ndiyo maana ubongo wa panya mwenye afya hubaki mweupe. Ini lakini hugeuka buluu hata likiwa zima, kwa kuwa mishipa yake ina matundu ya asili, kwa hiyo buluu peke yake si ushahidi wa ugonjwa.

Kuna jaribio la mwaka 1952 linaloitwa la Miles, na mimi hulistaajabia kwa urahisi wake. Simbilisi hunyolewa manyoya, rangi huingizwa kwenye damu yake, kisha hudungwa histamini kidogo, kemikali ya mwili inayofanya mishipa ivuje, ndani ya ngozi, na pembeni maji ya chumvi ya kulinganishia. Baada ya dakika chache doa la buluu hujitokeza penye histamini. Kipande hicho cha ngozi huweza kulowekwa kwenye formamidi ya uvuguvugu, kimiminika cha kuyeyushia rangi, hadi rangi itoke, kisha mashine hupima imetoka kiasi gani.

Kwa njia hiyohiyo, mwaka 1983 watafiti wa Boston, Marekani, walitambua protini ya uvimbe wa saratani inayolegeza mishipa, ambayo leo huitwa VEGF. Dawa za kuizuia sasa hudungwa ndani ya jicho kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya retina yao, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavuja.

Hata kuutafuta uvujaji huo, daktari hutumia rangi: fluoresini, inayodungwa mkononi huku kamera ikipiga picha nyuma ya jicho. Panapovuja hung'aa, na mng'ao hutanuka kadiri dakika zinavyopita. Mgonjwa huambiwa mapema asishtuke, maana ngozi yaweza kuwa ya manjano kwa saa kadhaa, na mkojo hutoka na rangi kali hata siku ya pili.